Vikombe Sita

Katika kiwanda cha nguo, kwenye laini ya kushona kola, palikuwa na cherehani ishirini na mbili na kibao kimoja cha choo. Kibao kilikuwa cha mbao, kipana kama kiganja, kimetobolewa tundu na kutundikwa kwenye msumari ubavuni mwa meza ya msimamizi. Aliyetaka kwenda chooni alikichukua, akaenda, akakirudisha. Asipokikuta msumarini alibana miguu akaendelea kushona. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, na hakuna aliyethubutu kuivunja.

Mwanamke wa cherehani ya tisa, ambaye wenzake walimwita Kola kwa jinsi alivyozigeuza kola bila hata kuzitazama, alikuwa amekichukua mara nne kabla ya saa tano asubuhi. Mara ya tano msimamizi alikifunika kwa mkono. Hakupaza sauti. Alimwuliza tu, kwa upole uliosikika laini nzima, kama angependa cherehani yake ihamishiwe chooni. Wanawake wakacheka, wengine kwa sababu ilichekesha, wengine kwa sababu mikataba yao nayo ilikuwa ya miezi mitatu mitatu. Kola akarudi kitini. Dakika ishirini baadaye alisimama ameshikilia kipande kikubwa cha kitambaa mbele ya sketi yake, na safari hii hakuna aliyecheka.

Alirudi nyumbani kwa miguu, akipita vichochoro ili asikutane na mtu. Alipofika hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pipa, akachota maji kwa kopo, akanywa, akachota tena. Alikunywa makopo saba, analia huku anakunywa.

Jambo lenyewe lilikuwa hilo, kiu. Haikuwa kiu ya jua wala ya chumvi, na haikuwa na wakati wake. Ilimwingia ghafla wiki sita nyuma na haikumtoka tena. Dumu la lita kumi halikumfikisha jioni, na yote aliyokunywa yalitoka kama yalivyoingia, hayana rangi wala harufu. Nyumba waliyopanga ilikuwa na vyumba vitano na choo kimoja, na majirani walishaanza kumtania mumewe kwamba mkewe anataka kuwachimbia kisima. Mumewe alicheka nao. Moyoni aliogopa, tena aliogopa sana, ila mwanamume anayenyoa watu kwa wembe hapaswi kuonekana mikono inamtetemeka.

Alikuwa na kibanda cha kunyolea chenye kiti kimoja na kioo kimoja, na mtaa mzima ulimwita Kinyozi. Hata mkewe alimwita hivyo, kwa utani ulioanza siku za uchumba ukasahau kuisha. Alikuwa mtu wa vipimo. Nywele kwake zilikuwa namba moja, namba mbili, namba tatu, na kitu kisichopimika kilimkosesha usingizi. Ndiyo maana alimpeleka mkewe zahanati kupimwa sukari, akampeleka tena wiki iliyofuata. Mara zote mbili sukari ilikuwa sawa. Mpimaji aliwaambia wamshukuru Mungu. Kinyozi alishukuru mpaka walipofika getini, ndipo hofu ikamrudia kwa sura nyingine. Sukari angalau alikuwa anaifahamu, kuna watu anaowanyoa wanaishi nayo. Kama si sukari, basi ni nini?

Jibu alilipata kwa mteja, mzee mstaafu mwenye upara wa kati aliyekuja kila Jumamosi kunyoa kilichobaki. Mzee alisimulia kwamba mjukuu wake alikuwa akikojoa kitandani mpaka walipompunguzia maji, na wiki haikuisha akawa mkavu. Mwili ni mazoea, alisema mzee. Ukiuzoesha kunywa, utadai. Kinyozi alisimamisha mkasi hewani. Lilikuwa neno la akili, lilipimika, na zaidi ya yote halikuwa ugonjwa.

Jioni ile alimwita mama yake, aliyekuwa akiishi nao chumba cha pili, akamwita na mkewe, akawaketisha.

"Vikombe sita," alisema. "Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Kisichoingia hakitoki. Utashinda kazini bila kugusa hicho kibao chao."

Kola alikitazama kikombe alichokishika mumewe. Kilikuwa kile cha bati chenye ua jekundu.

"Na nikishindwa?"

"Utajikaza kisabuni. Siku tano tu, bibie. Mwili utazoea."

Akakubali. Wala si kwamba alionewa, tuseme ukweli. Alikubali kwa sababu naye aliogopa vilevile, na kwa sababu mwisho wa mwezi majina ya wafanyakazi wa kudumu yangebandikwa ukutani pale kiwandani, na msimamizi alikwisha kumwambia jina lake liko karibu. Pipa likafungwa kwa kufuli dogo la sanduku, na ufunguo akapewa mama mkwe.

Jumatatu alikwenda kazini na vikombe viwili tumboni. Kibao alikichukua mara tatu tu, na msimamizi akamsifu mbele ya wenzake. Jumanne midomo yake ilikuwa imepasuka. Jumatano alimwambia mwenzake wa cherehani ya kumi kwamba anasikia maji yakimwagika mahali, na mwenzake akamwambia ni mashine za pasi. Kila jioni Kinyozi alimwuliza ameendaje, naye alijibu kwamba anaendelea. Kinyozi aliona macho yake yameingia ndani. Aliona pia kwamba bado anakwenda chooni, tena mara nyingi, na kwamba yanayotoka ni mengi kuliko yanayoingia. Hesabu haikulingana. Badala ya kuiogopa hesabu, akajiambia mwili unamalizia akiba yake, akashika tama, akangoja Ijumaa.

*

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana Kola alishona kola juu ya kola. Akashona ya tatu juu ya hizo mbili, na ya nne. Msimamizi alipofika kumfokea alimkuta anaisukuma sindano katikati ya bonge la kitambaa, anatabasamu, na alipoulizwa anafanya nini alimwita msimamizi mama, kana kwamba ndiye aliyemzaa. Kisha akateleza kutoka kitini polepole, kama nguo inayoanguka kwenye kamba. Mwili mzima ukamtetemeka na povu likamtoka. Walimfikisha hospitali ya wilaya ndani ya gari la kubebea majora ya vitambaa.

Kinyozi alifika na shuka la kunyolea likiwa bado begani. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa uzi. Aliuliza maswali haraka haraka, na Kinyozi akayajibu, kwa kuwa Kola alilala macho nusu wazi na hakumjua mtu. Ilipofika zamu ya kuulizwa mgonjwa hunywa maji kiasi gani, Kinyozi alinyoosha mgongo. Hapa alikuwa na jibu la uhakika.

"Vikombe sita kwa siku, daktari. Sijamzidishia hata kimoja."

Daktari aliacha kuandika.

"Na kabla ya hivyo sita?"

"Dumu zima. Na zaidi."

"Nani alimpunguzia?"

"Mimi."

Muuguzi aliyekuwa akitafuta mshipa mkononi mwa Kola aliinua kichwa, akamtazama Kinyozi, kisha akaendelea kutafuta. Mtazamo ule Kinyozi hakuusahau.

"Nisikilize," alisema daktari, "na kama utalia, kalie nje. Mkeo amekauka. Damu yake imejaa chumvi mpaka ubongo umeanza kunywea. Hakuwa na mazoea ya maji. Maji yale ndiyo yaliyokuwa yanamweka hai."

Alitoka nje, ila hakulia. Alikaa kwenye benchi akitazama viatu vyake. Mama yake alikuwa pale, amejifunika kanga usoni, na alipomwona mwanawe alimshika goti. Alisema ana jambo la kukiri, amsamehe. Kila jioni, mwanawe akiwa bado kibandani, yeye alikuwa akimfungulia Kola pipa na kumpa jagi zima, akisimama mlangoni kulinda. Alishindwa kumwangalia mtoto wa watu akiramba midomo.

"Nimekuharibia dawa yako, baba," alisema yule mama. "Kama amefikia hapa, ni kwa mkono wangu."

Kinyozi alimshika mikono yote miwili. Alijaribu kumweleza kwamba jagi lile ndilo lililomfikisha mkewe hai siku ya Ijumaa, lakini aliishia kwenye neno jagi. Ilibidi muuguzi aje amweleze mama.

*

Siku ya tatu Kola alimjua mumewe, akaomba maji. Walimpa. Alikunywa jagi mbele yake na Kinyozi akageuza uso, kwa aibu, kana kwamba anamwona mkewe mbele ya watu akiwa hana nguo.

Daktari aliketi ukingoni mwa kitanda, akawaeleza. Alisema chini ya ubongo, nyuma ya pua kabisa, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Udogo wake usiwadanganye. Inatuma wajumbe kwenye damu, na hao wajumbe ndio huitwa homoni. Mmoja huiambia tezi ya shingoni ifanye kazi kwa kasi gani. Mwingine huenda kwenye mfuko wa mayai, ndipo mwanamke anapata siku zake. Mwingine huleta maziwa, mwingine humrefusha mtoto, mwingine huupa mwili nguvu ya kuhimili homa na mshtuko. Na mmoja huenda kwenye figo kuziambia, rudisheni maji, msiyamwage yote.

"Nadhani huyo wa mwisho hafiki," alisema. "Figo zako hazijapata amri, basi zinamwaga tu, usiku na mchana."

"Kwa hiyo ni kama msimamizi wa laini," alisema Kola.

"Ndiyo. Ila huyu akinyamaza, ndipo kila kitu kinapoharibika."

Kinyozi aliuliza kuhusu wale wajumbe wengine. Je, nao watanyamaza mmoja mmoja? Daktari hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema inawezekana, wamechukua damu, majibu yatatoka baada ya siku nne. Kisha akamwuliza Kola kama aliwahi kugongwa kichwani.

Kola alimtazama mumewe kabla ya kujibu. Halafu akasema, akiongea na shuka, kwamba siku moja stoo jora la kitambaa lilianguka kutoka rafu ya juu likampiga kisogoni. Alizimia kidogo. Msimamizi alimpa vidonge viwili na soda, akamwambia mtu anayetaka jina la kudumu haendi hospitali kwa ajili ya kitambaa. Kiu ilianza siku tatu baadaye. Nyumbani alisema amejigonga kwenye kabati, na Kinyozi alimkanda kwa barafu akamcheka.

Zile siku nne zilikuwa ndefu. Siku ya kwanza Kinyozi alifungua kibanda asubuhi akakifunga kabla ya saa sita, kwa kuwa alimkata mteja sikio. Kila alipoingia wodini alimkagua mkewe kwa macho, akitafuta kitu kingine kilichonyamaza. Akipiga miayo, aliogopa. Akisema anasikia baridi, alimfunika mablanketi mawili akaenda kumwuliza muuguzi kama tezi ya shingoni huanza na baridi. Majibu yalipotoka na wajumbe wengine wote wakakutwa wapo kazini, aliketi sakafuni pale pale kwenye mlango wa maabara, watu wakawa wanamruka.

"Sasa nitasema jambo ambalo hamtalipenda," alisema daktari siku hiyo. "Ili niwe na uhakika, lazima tumnyime maji."

Kinyozi alidhani hakusikia vizuri.

Daktari alifafanua kwamba huenda mjumbe hatumwi, au huenda anatumwa ila figo hazimsikii. Huenda pia ni kiu yenyewe iliyoharibika, na dawa zinatofautiana. Akimpa dawa ya kuzuia maji mtu asiyeistahili, maji yatabaki mwilini yamzamishe kutoka ndani. Kwa hiyo atakaa bila tone kuanzia saa mbili asubuhi, atapimwa uzito, mkojo na damu kila saa. Akipungua kilo mbili wanasimamisha.

"Nilipomnyima mimi mliniona muuaji," alisema Kinyozi.

"Wewe ulimnyima bila kumpima."

Mtu wa vipimo aliambiwa hivyo mbele ya mkewe, na lilikuwa kweli. Alisema hatatia sahihi. Alisema yuko tayari kumnunulia maji maisha yake yote, hata kama itabidi auze kiti. Ni Kola aliyevuta karatasi, akaitia sahihi yake mwenyewe.

"Fanyeni," alisema. "Lakini yeye akae hapa. Asikimbilie kibandani."

*

Walimweka chumba kidogo kisicho na bomba. Muuguzi alimweleza Kinyozi kazi yake, kukaa na kuangalia, kwa kuwa wagonjwa wa namna hii hunywa hata maji ya choo yakiwa karibu. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema mlango hufungwa saa kumi.

Saa mbili mizani ilisoma kilo hamsini na nane. Saa tatu, hamsini na saba na gramu mia saba. Mkojo uliotoka ulijaza chupa nzima na ulikuwa mweupe kama maji. Saa nne Kola alikuwa bado anazungumza, anamtania mumewe kwamba leo kinyozi ndiye anayenyolewa. Saa tano aliacha kuzungumza. Saa sita alianza kumeza mate ambayo hayakuwepo, na koo lake lilitoa mlio mkavu ambao Kinyozi aliusikia hata alipoziba masikio.

Saa saba akamshika mumewe mkono.

"Kidogo tu," alisema. "Niloweshe ulimi. Hawatajua."

"Watajua. Wanapima."

"Kinyozi."

"Siwezi, bibie."

"Uliweza kuninyima. Kunipa ndiyo huwezi?"

Alikwenda kusimama mlangoni, mgongo umegusa mbao, ili asimkaribie wala asitoke. Alikuwa anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Aliona midomo ile ile, macho yale yale yaliyoingia ndani, na akajua kwamba wiki ile aliyaona yote hayo kila jioni akayaita mazoea. Alitamani mtu aingie amwambie imetosha. Hakuna aliyeingia mpaka saa nane ilipotimia, mizani ikasoma hamsini na sita na gramu mia moja, na daktari akavaa miwani yake, akasoma vipande vya majibu ya maabara, akasema kwamba damu imekolea chumvi na mkojo bado ni maji matupu. Akaita sindano.

Ilikuwa sindano ndogo. Kinyozi alitarajia kitu kikubwa zaidi. Daktari alisema huyo ndiye mjumbe, ametengenezwa kiwandani, na kama figo zinasikia zitamsikia. Kola akaruhusiwa glasi moja ya maji, ya pili baadaye akiitaka, basi.

Saa tisa hakuomba kwenda chooni. Saa tisa na nusu hakuomba. Kinyozi alikaa akimtazama, miguu inacheza. Ilipokaribia saa kumi alishindwa kuvumilia, akatoka mbio ukumbini, akamkamata muuguzi mkono.

"Haendi," alisema. "Saa mbili nzima sasa haendi. Figo zimekufa."

Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso wa yule mwanamume, akaacha kucheka, akamrudisha chumbani kama unavyomrudisha mtoto. Kola alipokwenda hatimaye, kilichotoka hakikufika robo ya chupa. Muuguzi akainyanyua dirishani ili Kinyozi aone. Mkojo ulikuwa wa manjano, manjano ya kweli, kama wa watu wote.

Daktari alikuja akasema ndicho alichokitarajia. Mjumbe hatumwi, lakini figo zinasikia. Atatumia dawa kila siku, pengine miaka, pengine maisha. Ataishi. Ila kuanzia sasa anywe kwa kiu yake tu, asilazimishwe hata tone, kwa kuwa maji yale yale yaliyomweka hai sasa yanaweza kumdhuru. Alimtazama Kinyozi aliposema asilazimishwe. Asinyimwe, akaongeza, na asilazimishwe. Mwenye mwili ndiye atakayejua.

Walipobaki wawili, Kinyozi aliketi kitandani. Glasi ya pili ilikuwa mezani, imejaa. Kola aliitazama kama anavyotazama mtu kitu cha jirani, hakuigusa. Uso wake ulikuwa umetulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kwamba alikuwa na nafasi ya kufikiria kitu kingine.

"Nikwambie jambo," alisema.

"Niambie."

"Jumatano ile ulirudi, ukanituma kibandani nikuletee taulo za kufua. Nilikuta bakuli lako la kusuuzia brashi. Nikanywa maji yote. Yalikuwa na sabuni, na nywele za watu. Nilizitoa ulimini kwa kidole, nikarudi nyumbani, ukaniuliza nimeendaje."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akisukuma toroli la mashuka.

"Mbona hukuniambia?"

Kola alifikiri kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe zaidi.

"Ungeanza kuyamwaga," alisema.